Inspekta Tolliver Watatu na Kikapu cha Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Ee Mungu! Nimefungua mlango alfajiri, ukungu umejaa mpaka laini ya pili ya nyumba za wafanyakazi haionekani. Mlangoni kikapu. Ndani majani ya chai, mabichi, yamelowa umande. Sisi hatuna hata mche mmoja. Haya ni ya kampuni! Jirani wetu mmoja alipatikana na majani, familia yake ikatolewa nje na magodoro yao kwa mvua. Nikamwaga yote chooni. Mume wangu Ouko simwambii, presha yake iko juu, na fektri wanampa shifti za usiku.

Kitu kimenitoa jasho: nyayo za matope. Miguu mitupu, inatoka kwa shamba la chai inakuja mpaka mlangoni kwetu. Zinakuja. Hazirudi. Huyo mtu aliruka angani?

Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini Inspekta Tolliver, yule mpelelezi wa muvi, namjua. Hashindwi. Nimemwambia binti yangu Christabel aende Roret kwa duka la muvi, anijazie flashi.

Jumanne, 3 Juni
Kikapu tena. Kimejaa zaidi.

Tumeangalia Tolliver wa zamani, ile haina rangi. Mzee mzuri! Hasemi kitu. Anaangalia viatu vya watu mpaka wanakiri wenyewe. Mwizi alikuwa mlinzi. Mama mkwe, Mama Jerusa, ameangalia na mimi, mikono chini ya blanketi kama kawaida. Siku hizi anasahau hata jina langu, lakini alisema huyo mzee ana macho.

Nikaenda kwa Johana, mlinzi wetu. Nikamwangalia viatu, kimya. Nikaendelea. Akaniuliza, mama, kwani nimekanyaga mavi? Kumbe jana alikuwa matangani Chebunyo, na leo ndiyo amerudi. Nimetoka hapo na aibu.

Alhamisi, 5 Juni
Kikapu jana, kikapu leo. Na kuna mtu anaimba huko ndani ya ukungu. Wimbo wa polepole, bila maneno. Nikikohoa, unanyamaza.

Tolliver wa televisheni, ile ya vipindi vingi, ana rangi na mdomo. Anaongea! Dijei anayetafsiri kwa Kiswahili amechoka mpaka anakunywa maji. Hadithi ni ile ile, jumba ni lile lile, lakini hapa mlinzi hana makosa. Mwizi ni jirani mwanamke anayechekacheka. Sasa Mokeira wa mlango wa tatu anacheka sana, hata kwa matanga.

Huyu Tolliver huita kila mtu sebuleni, kwa hivyo nikapika mandazi nikaita kina mama. Nikasimama. Nikamnyooshea Mokeira kidole. Akaniuliza, wewe Mama Christabel, niibe majani nikuletee wewe? Una nini ya kunishinda? Si ningepeleka kwangu! Wakacheka, wakamaliza mandazi. Mokeira hanisalimii tena.

Na mimi mjinga! Sasa laini nzima inajua kuna majani. Kiptum suparvaiza akisikia, tumekwisha. Hii nyumba ya kampuni ndiyo tu tuko nayo.

Jumamosi, 7 Juni
Tolliver mpya ni kijana. Anaruka juu ya mabati, hana adabu, hata kofia hana. Yule wa zamani angemchapa. Lakini mwisho wake umeninyima usingizi: mwizi ni Inspekta mwenyewe! Anatembea akiwa amelala!

Nimeangalia miguu yangu. Ina matope. Ni kweli nilienda choo. Lakini je, nilienda choo tu?

Nimemwambia Christabel anifunge mguu kitandani na kamba ya mbuzi. Amesema, mama, wewe utatuua na kicheko. Amenifunga.

Jumapili, 8 Juni
Niliamka kamba iko mguuni, imekaza. Komeo la mlango liko wazi. Limefunguliwa kutoka ndani. Na ule wimbo, huko nje.

Nikajifungua, nikafuata sauti kati ya majani. Kuna kitu cheupe kimeinama. Vidole vinakimbia juu ya majani, chap chap, bila kuangalia. Nikasema damu ya Yesu! Hakikugeuka. Kikaniambia, fanya haraka, mtoto, mzani wa kupimia majani utafungwa, na kikapu chako jana kilikuwa chepesi.

Mama Jerusa! Na gauni la kulala! Vidole vimeiva rangi ya chai. Alidhani mimi ni mchunaji mgeni, ananijazia kikapu nisifukuzwe.

Nikageuka. Kiptum amesimama nyuma yangu na koti la mvua. Nikaanza kulia, nikamwambia asitutoe.

Akavua kofia. Akasema huyu mama ndiye alimfundisha kuchuna, alipokuja hapa hajui hata kushika kikapu. Akasema nifunge mlango na kufuli, na Jumamosi apelekwe kwa shamba la chai la Kiptum mwenyewe huko Roret, achune mpaka moyo utulie. Ouko aliposikia alilia. Mokeira nimempelekea mandazi.

Jumanne, 10 Juni
Sukari imeisha kwa mkebe! Nimeona chembe sakafuni. Zinatoka kwa kabati, zinaenda mpaka kwa kiti cha Mama Jerusa. Zinafika hapo, hazirudi. Mama anatafuna kitu, ananiangalia kwa huruma.

Ni wazi huyu mwizi anaruka angani. Christabel anasema kuna Tolliver wa nne, na mwizi wake ni mchungaji wa kanisa. Alhamisi pasta anakuja kwetu kunywa chai. Nitamwangalia viatu.