Mkanda wa Waya Mmoja

Jumatatu, 9 Juni

Kazi nimeipata! Dari yote ya ukumbi mpya pamoja na ngazi zake, kwa taa za mkanda, zile ambazo kila kitaa ndani ya mkanda kinapokea amri yake na kubadili rangi kivyake. Nilimwambia Mama Ukumbi, mwenye jengo, kwamba kumbi za namna hii nimeshafunga hadi nimechoka. Sijafunga hata moja. Ufunguzi ni Jumamosi.

Mke wangu na watoto bado wako kwa wazazi wake. Baba mkwe aliniambia kinagaubaga: siku nitakapomaliza kazi moja, moja tu, bila kuiharibu, atamrudisha binti yake yeye mwenyewe. Nimempelekea mwaliko. Kiti cha mbele kabisa! Nyumba imepooza, nikiweka kikombe mezani nashtuka mwenyewe.

Kuna nuksi. Nyaya za umeme za ukumbi kapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Namwita Bwana Vipimo, maana hata chai huyu hanywi mpaka aipime.

Jumanne, 10 Juni

Dukani, kuchagua mikanda. Muuzaji akaniwekea ya aina mbili. Ya kwanza, amri inapita kwenye waya mmoja, kitaa kinampasia mwenzake; kimoja kikifa, vilivyo mbele yake vyote havipati habari. Ya pili ina waya wa akiba, amri inamruka marehemu na kusonga mbele. Halafu kuna volti: tano, au ishirini na nne kwa masafa marefu.

Nilishanyoosha kidole kwenye ya pili. Haki ya Mungu! Ndipo akaingia Bwana Vipimo kutafuta swichi, akatangaza mbele ya wateja kwamba kwa ukumbi ule hata mtoto mdogo angechukua yenye waya wa akiba, volti ishirini na nne.

Nikachukua ya kwanza. Volti tano. Ningefanyaje? Niishi nikisikia kwamba yeye ndiye aliyenichagulia? Thubutu.

Jumatano, 11 Juni

Nimewasha dari. Mlangoni nyeupe safi. Katikati rangi ya chai ya maziwa. Jukwaani nyekundu, kama jicho la mgonjwa. Nikamwambia Mama Ukumbi huo ni mtindo, jua linazama. Akaenda kuhesabu viti.

Shemeji akanivuta pembeni. Akasema umeme unaishia njiani, niuingize na katikati na mwishoni pia. Akajitolea kunivutia nyaya jioni, kwa ajili ya dada yake. Nikamjibu kwamba kazi yangu siyo ya kushikwa mkono. Alipoondoka nikavuta nyaya vilevile alivyosema. Dari ikawa nyeupe mwanzo hadi mwisho! Mama Ukumbi nimemwambia wazo limenijia nikiwa naoga.

Alhamisi, 12 Juni

Ngazi. Pale juu zinapoanza kushuka kuna kona kali, mkanda inabidi ukatwe, kisha vipande viungwe kwa waya na kuchomelewa kwa risasi ya kuyeyushwa. Kifaa changu cha kuchomelea kimekufa. Cha shemeji kilikuwa palepale sakafuni, cha moto, tayari. Kumwomba? Mimi? Nikaukunja mkanda kwa nguvu. Ukalia *tak*, kidogo tu. Nikabandika gundi. Ukawaka!

Halafu nikamshauri Mama Ukumbi aziondoe balbu za zamani za ngazini, zinaua uzuri wa mkanda. Akakubali. Shemeji akapinga, nikasema mbele ya mafundi wote kuwa ni kijicho hicho. Akabaki anaitazama ile kona. Nayachukia macho yake kuliko maneno yake.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika usiku, sijavua hata viatu.

Mzee, baba mkwe, alikuja na suti yake. Na mke wangu alikuja! Akainua uso darini, akatabasamu, akaniambia kumbe naweza. Moyo wangu ukajaa. Baba mkwe akanishika mkono na kusema kwamba akifika nyumbani tu atawaambia watoto wafungashe. Mbele za watu nilikaribia kulia.

Watu wakaanza kutoka. Mzee alikuwa wa kwanza ngazini. Kile kitaa cha konani kikafa, na vyote vya chini yake vikafa nacho. Giza totoro. Nilimsikia akianguka kabla sijamwona.

Nyonga yake imevunjika. Kwa mwanga wa simu za watu nikamwona mke wangu amekaa kwenye ngazi, kichwa cha baba yake mapajani. Nikainama, nikamwambia ni kitaa kimoja tu. Ndiyo, nilisema hivyo.

"Kila siku ni kitu kimoja tu, baba watoto," akasema. "Usitufuate hospitali."

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata habari kwa jirani. Mzee kafanyiwa upasuaji. Akitembea tena, atatembea kwa mikongojo. Siwezi kula. Najiuliza ni nani aliyechora ngazi ndefu namna ile, bila aibu.

Jumatano, 18 Juni

Shemeji amekuja na gari la mizigo. Amechukua kabati la dada yake, vitanda vya watoto, meza na zulia. Sikumzuia. Nimemsaidia kubeba hata kabati. Mlangoni akaniwekea mkono begani, akaniambia bila kejeli kwamba nikifanya tena kazi hii, nichukue ile yenye waya wa akiba.

Gari likaondoka. Nikakaa sakafuni. Nikalia, sifichi, nililia kwa sauti, na nyumba ikanirudishia sauti yangu.

Nilipofuta macho nikauona ukuta. Kabati halipo! Vitanda havipo! Kutoka mlangoni mpaka dirishani umenyooka, hauna hata kona moja. Na shida yote ilikuwa kona! Hapa mkanda unapita moja kwa moja, bila kukunjwa, bila kuungwa. Mke wangu akipita barabarani tu, ataona.

Kesho duka likifunguliwa nipo mlangoni. Nachukua ya waya mmoja. Hawezi kunichagulia, yule.