Ng'ombe kwa Mwanafunzi Bora

Jumatatu, tarehe 4 Julai 1983

Siku kubwa! Papa Théodore, appariteur mkuu wa Institut yetu, anaenda kupumzika mwisho wa mwezi. Kwa wale watakaosoma daftari hili nikiwa nimeshakufa na kuwa maarufu, nieleze: appariteur ndiye anayeandikisha wanafunzi, anayepiga kengele, na anayewapanga mstari siku ya kutangaza matokeo. Appariteur mkuu ana funguo za milango yote. Siku ya matokeo anakaa mbele, kwenye kiti chenye mto, karibu na Directeur. Mimi ni msaidizi wake, mwaka wa tisa sasa. Nakaa kwenye benchi, pamoja na ngoma.

Asubuhi, mkutano. Directeur alisema nafasi hiyo atampa mmoja wa wawili: mimi, au Déogratias wa maktaba. Anatafuta mtu mwenye mawazo mapya. Kabla sijameza mate, Déogratias ameshasimama. Akatangaza kwamba anaanzisha zawadi kwa mwanafunzi bora wa mwaka: kamusi! Mpya! Jalada gumu! Makofi. Directeur alitabasamu hadi magego.

Nikasimama. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba hata mimi naanzisha zawadi. Directeur akauliza, zawadi gani. Nikasema ng'ombe.

Makofi ya kubomoa bati! Uso wa Déogratias ulikunjamana wote. Raha niliyoipata siwezi kuiandika.

Sina ng'ombe.

Jumanne, tarehe 5 Julai

Mke wangu Jeanine aliniuliza nina nini, chakula hakipiti. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikaungua kwenye sufuria. "Polycarpe! Weye hauna ata kuku!"

Nilikuwa nakwangua sufuria wazo liliponijia. Wazo zuri, nimelichunguza pande zote, halina tundu. Huku kwetu Bushi, mtu anayegawa ng'ombe hampotezi ng'ombe. Aliyepewa anamchunga, anamlisha, anakunywa maziwa yake. Ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyetoa. Na zaidi: aliyepewa anakuwa mtu wako. Anakuletea kasiksi, pombe ya ndizi, siku za sikukuu, anakusifu mbele za watu, ukimwita anakuja. Déogratias akitoa kamusi, kamusi imekwenda! Mimi nikitoa ng'ombe, nabaki na ng'ombe, na msomi juu yake. Zawadi inayomtajirisha mtoaji! Hata Ulaya hawajaigundua.

Imebaki kumpata ng'ombe mwenyewe. Muzee Lucien, baba yake Jeanine, yuko Nyantende na anao wanne.

Jumatano, tarehe 6 Julai

Nyantende kwa miguu, ndani ya abacost, suti yangu ya bluu isiyo na tai, kwa heshima ya baba mkwe. Nimefika ikiwa rangi ya vumbi.

Nimepiga magoti. Nimemwomba ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu za kubembeleza, na muzee amekubali kabla sijamaliza! Aliuliza jambo moja tu: ni mimi mwenyewe ninayeomba, kwa mdomo wangu? Nikasema ndiyo. Akaita majirani wawili waje wasikie. Nikarudia kwa sauti kubwa, na mikono nikainyoosha. "Muzuri, mutoto yangu," akasema. "Siku ya zawadi nitakuya mi mwenyewe."

Mzee mwema. Nadhani umri umemlainisha.

Ijumaa, tarehe 8 Julai

Nimeandika kanuni za zawadi. Ibara kumi na mbili! Jina kamili: Zawadi ya Citoyen Kashemwa. Citoyen ni raia, ndivyo tunavyoitana kazini. Polycarpe ni la nyumbani tu; tangu turudie majina ya mababu, jina la ubatizo halipandi kwenye karatasi ya serikali.

Sasa siri. Ng'ombe lazima aende kwa Jean-Marie, mtoto wa kaka yake mke wa Directeur. Jean-Marie akishinda, shangazi anafurahi. Shangazi akifurahi, Directeur anakula kwa amani, na mtu aliyekula kwa amani anagawa vyeo. Shida ni alama zake. Ni za kuombea.

Basi nimekata kidogo kidogo. Ibara ya 3: mshindi awe wa jiografia. Ibara ya 4: awe wa mwaka wa pili. Wamebaki sita. Ibara ya 5: awe mwimbaji katika kundi la nyimbo la Institut. Wamebaki wawili: Jean-Marie, na msichana mmoja, Colette, mwenye miwani na alama za kutisha. Nimezunguka meza nusu saa. Kisha Ibara ya 6, fahari yangu: mshindi awe hajakosa salongo, ile kazi ya taifa ya lazima, hata Jumamosi moja mwaka mzima! Colette mama yake ni mjane wa Nyangezi. Kila Jumamosi asubuhi, nikiwa dirishani na chai yangu, namwona anashuka barabarani na jembe begani. Anaenda kumlimia mama, ni wazi. Msichana mwema, lakini kazi ya taifa haikwepwi hivyo. Nimesikitika kidogo, nikaandika.

Na Ibara ya 12, kumfunga Déogratias mikono: kanuni hizi zikishatiwa saini, hazibadilishwi na mtu yeyote, hata mtoaji.

Directeur ametia saini bila kusoma. Amesema tu kwamba majaji wawe wawili, na wa pili ni Déogratias. Sawa! Aje! Kanuni ni chuma.

Jumatatu, tarehe 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Kumbe mwenye kutunza daftari la salongo ni Déogratias. Miaka yote! Amelifungua mezani taratibu, akalainisha ukurasa kwa kiganja. Jean-Marie: hayupo mara kumi na moja. Colette: yupo, yupo, yupo, yupo, mpaka chini.

Nikasema haiwezekani, msichana huyo kila Jumamosi huenda shambani na jembe, nimemwona kwa macho yangu. Déogratias akaniuliza kwa upole nadhani watu huenda salongo na nini. Na mifereji tunayozibua iko wapi, kama siyo chini ya barabara ile? Kisha akauliza mimi mwenyewe nilionekana huko lini. Nikamkumbusha goti langu bovu, lisilotaka kazi za kuinama. "Ile goti tunaijua, citoyen. Kule hatukuonaka ata siku moya."

Nikapendekeza kurekebisha Ibara ya 6, neno moja tu. Akasoma Ibara ya 12 kwa sauti, polepole, kama anasoma Injili. Jina langu liko chini yake, na muhuri.

Jioni nimejifariji. Colette ni mtu mmoja, na mama yake mmoja. Atakuwa mtu wangu, msomi mwenye miwani! Siku moja atakuwa mkubwa huko Kinshasa na bado ataniletea kasiksi. Kuhusu kiti chenye mto sifikirii. Nimefikiria mpaka kichwa kimeuma.

Jumamosi, tarehe 16 Julai

Siku gani hii!

Asubuhi Muzee Lucien amefika na ng'ombe na wale majirani wawili. Nikamfunga ng'ombe nyuma ya jukwaa. Déogratias alikuwa amelipamba jukwaa kwa matawi ya mitende na maua, kazi ya siku mbili. Niliporudi na maji, yamebaki maua matatu. Nimemsuta ng'ombe, lakini si kwa sauti kubwa.

Saa nne, matokeo. Ua umejaa, watu mpaka juu ya ukuta. Nilikuwa kwenye benchi langu. Jean-Marie: arudi Septemba kurudia mitihani. Mke wa Directeur alinitazama mimi, kana kwamba nimesahihisha mimi! Kisha: Colette, kwa Distinction Kubwa!

Nyangezi nzima ilikuwa imekuja, sikujua. Wakapiga vigelegele, wakapeperusha matawi, wakammwagia Colette poda kichwani, mabegani, ndani ya miwani. Poda ikaenda kwa mama yake, ikaenda kwa Directeur. Mtu mmoja akammwagia ng'ombe kopo zima. Mweusi mwenye paji jeupe akawa mweupe mwenye macho meusi. Mama Marie-Louise, mama yake Colette, akaishika ile kamba akaanza kucheza, na ng'ombe akamfuata hatua kwa hatua, kweli kabisa. Yule mama amesomesha mtoto kwa kuuza muhogo. Nimelia. Naandika wazi: nimelia, na sikuona haya.

Nikatoa hotuba yangu, kurasa nne. Muzee Lucien akachukua kipaza sauti.

Alisalimia wakubwa. Akasema ng'ombe huyu ni wake, na kwamba mukwe wake alimwomba akiwa amepiga magoti. Majirani wawili wakasimama wakathibitisha, mmoja akaonyesha jinsi nilivyonyoosha mikono. Watu wakacheka. Kisha muzee akasema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno mpaka sokoni: "Mwenye kuomba ngombe, iko mutu ya mwenye kupana. Mutoto Colette atakamata ngombe. Kasiksi, ataleta huyu Polycarpe. Kazi, atafanya huyu Polycarpe. Nyumba yangu inavuya. Mbele ya mvua ya Septemba atanifunika nyasi mpya, na mikono yake."

Makofi kuliko ya siku ya kamusi! Déogratias alipiga akiwa amesimama.

Ndama naye ni wa Muzee. Nilimwuliza pembeni. Alishangaa nimeuliza.

Halafu watu wa Nyangezi wote wakaja kusherehekea kwangu, yaani kwa mtu wa mtoaji, ndiyo desturi. Kama arobaini. Nilikimbia mbele kumwonya Jeanine, nikamkuta na sufuria tatu za majirani motoni, bugali, sombe, sambaza, kila kitu. Anapika tangu alfajiri! Nilimwuliza alijuaje. Akasema anamjua baba yake. Kwa nini hakuniambia? Akasema sikumwuliza.

Tumecheza mpaka vumbi la uani likaisha. Colette aliniinamia, akanishukuru kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Mashi. Amesema hajawahi kuona kanuni zilizomtendea haki namna hii. Nilikohoa. Nikamwambia niliziandika kwa makini.

Jumanne, tarehe 19 Julai

Directeur ameniita ofisini. Nilikwenda nimevaa shati jeusi.

Alikuwa na kanuni zangu mkononi. Amezisoma hatimaye, kwa sababu mke wake halali wala halazi. Aliniuliza kama ni mimi niliyeandika Ibara ya 6 na ya 12. Nikakiri. Nikaanza kueleza kuhusu goti.

Akanikatiza. Amesema miaka miwili mke wake anambana: msaidie Jean-Marie, mpe alama, mpe nafasi. Hajapata pa kutokea. Na sasa mtu mdogo tu wa ofisi ya wanafunzi ameufungia mlango ukoo wa Directeur, kwa ibara, kwa muhuri, tena kwa ng'ombe aliyemwomba kwa magoti! Mtu wa namna hii hanunuliki. Hanyumbuliki. Institut inamhitaji. Kuanzia tarehe mosi Agosti, appariteur mkuu ni mimi!

Funguo zote! Kiti chenye mto!

Nimetoka nje nikaruka mfereji, na goti langu hilo hilo. Kwa hiyo mpango wangu umefaulu kama nilivyoupanga: nilitaka kumfurahisha Directeur kupitia Jean-Marie, na nimemfurahisha kupitia Jean-Marie. Ni suala la upande tu. Mke wa Directeur hanijibu salamu, lakini yeye hana saini.

Déogratias amenipa mkono. Amesema anafurahi kweli, na kwamba ataniandika kwenye daftari la salongo kuanzia Jumamosi. Wivu mtupu.

Jumapili, tarehe 24 Julai

Nyantende. Naandika nikiwa juu ya nyumba ya Muzee Lucien, daftari juu ya paja. Nimefunika kipande cha ukubwa wa kitanda. Jumapili ya kwanza hii, na nyumba ni ndefu kuliko inavyoonekana ukiwa chini. Mikono imechubuka. Muzee amekaa kivulini na kasiksi niliyomletea, ananielekeza kwa fimbo, kushoto, kulia. Chini Jeanine anacheka na jirani zake. Jua zuri, ziwa linang'aa kule mbali. Kusema kweli nina furaha.

Na akili huku juu inafanya kazi vizuri! Nimeshapata dawa ya nyasi hizi. Zawadi ya pili! Zawadi ya Kazi ya Mikono, kwa mwanafunzi atakayefika Nyantende na mizigo mingi zaidi ya nyasi na kuipanga vizuri juu ya nyumba. Wakija wanafunzi thelathini, kwa siku mbili nyumba imekwisha, nami nimekaa chini kama jaji. Kanuni naziandika usiku wa leo. Ibara kumi na tano safari hii, kumi na mbili zilikuwa chache.

Imebaki kitu cha kumpa mshindi, na hata hicho nimekipata. Papa Adalbert wa Katana, mjomba wake Jeanine, ana kondoo wanono, na ni mtu mpole sana. Anaishi peke yake, maskini, na ukuta wake wa mawe umeanguka upande wote wa ziwa bila mtu wa kuusimamisha. Kesho asubuhi naenda kumwomba kondoo mmoja.