Kitabu Kimoja, Malindo Matatu

Ijumaa, 6 Machi 2015

Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Kitale. Bado nalinda geti la nje la jengo moja huku Lusail, Qatar. Jua la Machi si baya. La Juni nalijua: mwaka jana lilinilaza chini, nikazinduka kliniki na dripu mkononi. Jebet, mke wangu, amesema kwa simu kwamba Juni ikinikuta tena getini, nivunje mkataba nirudi, hata mikono mitupu. Nikamwambia nina mpango. Akasema ataniombea. Anaijua mipango yangu.

Mpango ni kiti cha mapokezi, ndani kwenye kiyoyozi. Kitakuwa wazi Aprili. Supavaiza anataka mlinzi mwenye cheti cha Kiingereza kutoka darasa la Ijumaa la Mwalimu Peninah, kule Al Mansoura. Kwenye kampuni yetu tunaosoma huko ni wawili, mimi na Levis. Levis ni wa Bungoma, tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu. Mtu mzuri. Namwombea mafua.

Leo mwalimu ametupa kazi ya mwisho. Kila mmoja nakala ya riwaya ya zamani ya Kimarekani, nene kama tofali. Tutafute tamathali za semi, tuandike insha ya kurasa tatu. Wiki mbili. Akasema kuzitaja hakutoshi, tueleze zinafanya kazi gani katika hadithi nzima. Nikauliza kama hiyo nzima ni lazima. Akasema, "Henry, ndugu yangu, nzima ni nzima."

Mimi niliishia kidato cha pili.

Jumapili, 8 Machi

Nimesoma kurasa sita. Ndugu wawili, mto na daraja. Mkubwa analijenga, mdogo halitaki. Mto unaongea kama mtu. Kisha ukurasa mzima wa ukungu. Nililala nimesimama.

Levis ameshapita ukurasa wa arobaini. Anasoma kitandani, anacheka peke yake. Aliponiona namtazama akasema, "Buda, si tusome pamoja?" Nikajua ana hila. Nikamjibu kwamba nimemaliza sehemu ya mwanzo na ninaiacha itulie kichwani.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepata dawa. Hakuna mlinzi anayelinda jengo zima peke yake. Kila mtu na lindo lake, zamu ikiisha anatoa ripoti, na mkuu anajua kila kitu bila kunyanyuka kitini. Kitabu kina nini cha kujivunia kuliko jengo?

Nimekikata kwa wembe vipande vitatu. Kazi safi, kwenye uzi wa mshono. Mwanzo ni wangu. Katikati nimempa Makame wa geti la nyuma, Mzanzibari, msomaji mkubwa wa magazeti. Mwisho nimempa Scovia, Mganda anayekagua kina mama mlangoni. Makame nitamfulia yunifomu. Scovia nitamletea chapati za Al Mansoura.

Makame alikigeuza kipande chake huku na huku, akauliza, "Yakhe, hichi kitabu kimepata ajali?"

Jumatano, 11 Machi

Ripoti ya kwanza, ndani ya basi la kampuni. Makame alisema hali ni shwari, mtu mmoja kafa. Nikauliza nani. Akasema jina halikutajwa, wanamwita "yeye" tu, na yeye Makame hakuwepo mwanzoni hata amjue. Nikauliza kafaje. Mtoni. Kasukumwa? Makame akanitazama kwa huruma, akanikumbusha tulivyofundishwa tulipoajiriwa: mlinzi anaandika alichokiona, maoni anawaachia polisi.

Kweli kabisa. Nikamuuliza kuhusu tamathali. Akasema tashbihi zipo nyingi, zote zimetulia. Mto je, unaongea? Akafikiri, akasema upande wake haujatoa sauti. Nikaandika: mto, hakuna tukio.

Jumamosi, 14 Machi

Scovia hatoi ripoti. Nilimpigia, sauti yake ikawa nzito. Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni yule mdogo mtu. Mdogo mtu kafanya nini? Akasema, "Ssebo, niache kwanza," akakata simu.

Wanawake hawafai kwa kazi ya ripoti. Chapati alizipokea.

Jumanne, 17 Machi

Balaa. Scovia kahamishiwa kambi ya Umm Salal, na kipande changu kimehama naye. Kibaya zaidi, amekimaliza na kumpa jirani yake wa kitandani, naye kampa mwingine. Sasa mwisho wa kitabu changu unatembea kitanda hadi kitanda. Anasema wapo wanaolia.

Nikamsihi anipe mwisho kwa maneno matatu. Akasema hawezi kunidhulumu hivyo, mwisho ule mtu aufikie kwa miguu yake mwenyewe. Nikamwambia miguu yangu iko Lusail. Akacheka, akaniambia hata riwaya nataka niletewe kama chai.

Jumatano, 18 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Nimeenda Umm Salal. Kambi ya wanawake haivukwi na mwanamume, na getini nimemkuta Philipo, kijana wa Mwanza ambaye kazi nilimfundisha mimi. Nilimfundisha asimruhusu mtu, hata akija ndugu yake, hata akija analia.

Nikamweleza yote: riwaya, kiti, jua la Juni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Shikamoo kaka Henry. Rudi."

Nikarudi. Njiani nilijivunia kidogo. Kijana amefundishika.

Ijumaa, 20 Machi

Insha nimeikabidhi. Nimeandika kama nilivyozoea: kilichoonekana, kilipoonekana, hatua iliyochukuliwa. Mwisho nimeutunga mwenyewe. Daraja limekamilika, ndugu wawili wamekumbatiana juu yake, hakuna mali iliyoharibika. Naona mwandishi angefurahi.

Jana Levis aliniuliza kama nimefika mwisho. Alitaka tuuzungumze, maana ulimkosesha raha. Nikamwambia mwisho ni mzuri sana, umenipa moyo. Akauliza, "Mwisho huu huu?" Wivu.

Ijumaa, 27 Machi

Mwalimu aliniomba ruhusa asome insha yangu mbele ya darasa. Nikatoa ruhusa, nikanyoosha kola. Alisoma: "Takriri ilionekana ukurasa wa nne, ikarudi ukurasa wa tano. Sababu ya kurudi haikufahamika. Tashbihi ilikuwa peke yake na haikuleta fujo." Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Akasema ni ripoti safi kuliko zote alizowahi kusoma, na ndani yake hakuna uchambuzi hata wa kulamba.

Kisha akaniuliza kwa upole ndugu wale wamekumbatianaje. Nikasema kwa mikono. Akasema kaka mkubwa alikufa mtoni katikati ya kitabu.

Ndiye "yeye" wa Makame. Nimempatanisha marehemu.

Ikasomwa insha ya Levis. Kumbe mto unaongea katika theluthi ya mwanzo tu. Kaka mkubwa akishazama, hausemi tena. Mdogo mtu anakwenda kila asubuhi kusimama kwenye lile daraja nusu alilolichukia, anasubiri useme neno, na mto unabaki maji. Levis aliandika kwamba mwandishi aliupa mto mdomo makusudi, ili siku ya kuunyang'anya tusikie ule ukimya. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kuuliza kilichofuata, nikakumbuka natakiwa niwe nimesoma.

Mwalimu akaomba vitabu vyake. Nikampa kipande cha mwanzo. Akakishika kama mtu aliyekabidhiwa kiatu kimoja. Nikamweleza mfumo wa malindo. Akavua miwani, akakaa.

Kiti amepata Levis. Kwenye basi aliniambia, "Buda, jua likikushika usijifanye mwanaume. Gonga kioo, nitakufungulia."

Jumamosi, 28 Machi

Mwalimu kanipigia. Jengo la jirani litafungua mapokezi mwishoni mwa Mei, na supavaiza amekubali kunisubiri. Kuna kazi ya marudio, riwaya nyingine ya Kimarekani, nene zaidi. Ameniapisha niisome mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Levis kasema tusome pamoja kila jioni, sura moja moja. Nimewashukuru wote wawili.

Nimekaa nikatafuta kwa makini wapi nilikosea. Kosa ni moja: vipande vilikuwa virefu. Mtu akipewa kipande kirefu anakizoea, anaanza kulia, anakiazima kwa watu. Safari hii nakata vinane. Makame amekubali. Scovia amesema ataleta wenzake wanne. Philipo naye atasoma, na kwa kuwa kipande akikishika yeye hakitavuka geti, ndiye nitakayempa cha mwisho.

Nimempigia Jebet, nikamwambia mambo ni mazuri. Akauliza kama hicho kitabu kipya nimeanza kukisoma. Nikamwambia kiko kwenye mikono salama, mingi. Akasema ataniombea tena.

Juni itanikuta ndani. Mkataba unaisha Novemba, na Desemba, kabla ya Krismasi, natarajia kuwa nyumbani Kitale.