Jinsi Kuwabara Mkata Gramu Alivyomvisha Maksai Kiatu

Sogeeni, wake kwa waume, mlioviona vita na mliovisikia tu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe kabisa, kwa kuwa jambo nitakalolitangaza halipendi kukatizwa. Wengine wamekwisha kusimulia merikebu zilizozama na miji iliyoteketea. Mimi nimeachiwa lililo zito zaidi. Naleta habari za Kuwabara Seikichi, simba wa mizani, Mkata Gramu asiye na huruma, ambaye katika vuli ya mwaka wa kumi na saba wa enzi ya Showa kwetu Japani, ndio 1942 kwa hesabu ya wageni, kwa mikono miwili iliyozoea penseli, alimvisha maksai kiatu. Kimoja tu, cha mguu wa mbele wa kulia. Msicheke kabla ya wakati wake.

Jueni kwanza kilichokuwa juu ya mkokoteni. Jeshi la Majini lilikuwa limeagiza ndege ya kivita ya kuruka kutoka sitaha ya manowari, na masharti yake yalikuwa mengi kama mahari ya binti mwenye wajomba saba: iende kilomita mia sita na ishirini kwa saa, ipande mita elfu sita kabla rubani hajamaliza sigara, ibebe mizinga minne, ikae angani tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana, na baada ya yote hayo itue taratibu juu ya meli inayoyumba. Injini ya kuyatimiza hayo haikuwapo duniani. Iliyokuwapo ilikuwa ya nguvu za farasi elfu moja na mia nane, na mwenye injini hiyo alibakiwa na njia moja, nayo ni kupunguza uzito. Ndipo alipoteuliwa Kuwabara.

Ee Kuwabara! Aliingia ndani ya ndege ile kama nondo kabatini. Alizitoboa mbavu za mabawa, akavitoboa vikanyagio, akakitoboa kiti cha rubani matundu sitini na mawili. Alifupisha skrubu kwa upana wa ukucha, akazipima, akazifupisha tena. Rangi aliikwangua hata mafundi wakadhani anataka kuipeleka ndege uchi vitani. Nyumbani, mkewe Fumi alikuwa akivificha vijiko vya mbao, asije akaviona akavionea tamaa. Kwa muda wa miezi kumi na minne hakuna gramu iliyolala salama kiwandani mle.

Lakini kiwanda hakikuwa na uwanja wa ndege. Kilikuwa Nagoya, kando ya bandari, na uwanja ulikuwa Kagamigahara, kilomita arobaini na nane za mashimo. Lori lingeitikisa ndege ikafika chenga. Farasi akishtuka hukimbia na mzigo, na mzigo ukawa historia. Kwa hiyo ndege iliyokusudiwa kumpita kila kiumbe arukaye ilikwenda kujaribiwa kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, imefunikwa maturubai, nyuma ya mkia wa maksai. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu, na hatukuona ajabu yoyote.

Maksai mwenyewe aliitwa Iwao, mlima wenye pembe, mtulivu wa mwendo, asiyejua haraka wala kuitamani. Hatamu zake alizishika Mama Tsune, mjane wa miaka hamsini, aliyerithi mkokoteni kwa mumewe na ulimi kwa mama yake. Mkia na injini vilikuwa vimetangulia juzi. Kiwiliwili na mabawa vikalala njiani Komaki, na Kuwabara akalala kando yavyo, mkono mmoja juu ya turubai.

Nacho kilichokuwa hatarini ni hiki. Kamanda Shinozuka, mkaguzi wa Jeshi la Majini, alikuwa amesema neno moja tu: saa kumi alasiri ya siku ya pili, ndege iwe uwanjani, isipokuwapo, zamu ya majaribio itapewa kiwanda kingine, ambacho ndege yake imeshafika na inang'arishwa. Naye Mhandisi Mkuu Hatano alimwita Kuwabara faraghani akamwambia, "Isipofika, miezi kumi na minne imekwenda na maji, na wewe utarudi kuchora vyoo vya meli." Kuwabara alianzia kwenye vyoo vya meli. Alivijua, na hakuvipenda.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana shujaa asiye na kosa ni wa kuchongwa. Alfajiri ile ya Komaki, Mama Tsune akiwa anamlisha Iwao shayiri iliyochemshwa, Kuwabara aliinama akaona chini ya mkokoteni kuna mzigo wa mabua ya mpunga, yamesukwa, yamefungwa pamoja. Akaunyanyua. Mkono wake, ambao ulikuwa mizani kuliko mizani, ukasema: kilo sita. Kilo sita za majani! Akaufungua ule mzigo, akauacha kwenye baraza ya nyumba ya wageni, akajipanguza mikono kwa fahari ya mtu aliyeokoa ufalme. Hakumwuliza mtu. Mkata gramu haulizi.

Wakaenda, jua likapanda, hata saa nne wakafika penye daraja la mto Kiso, ambako barabara ilikuwa imemwagwa kokoto mpya, kali, nyeupe. Hapo Iwao alisimama. Alifikiri kidogo. Kisha akapiga magoti ya mbele, akashusha na ya nyuma, akalala katikati ya njia kama mtu aliyefika kwake. Mama Tsune aliruka kuishika nira isipinde, na nira ikambana kidole gumba.

"Kuna nini, mama?" alipiga kelele Kuwabara.

"Kiatu kimekwisha, hiki cha mbele. Kokoto zinamla ukwato." Akaingia chini ya mkokoteni huku akinyonya kidole. Akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bwana Kuwabara. Viatu vya ng'ombe wangu viko wapi?"

Kuwabara alijipanguza mikono tena.

"Vile vya mabua?"

"Vile vya mabua."

"Nili... nilivipunguza."

"Ulivifanyaje?"

"Vilikuwa kilo sita, mama, na havikuwa na kazi yoyote."

Mama Tsune alitoka chini ya mkokoteni taratibu. "Havina kazi! Haya, vua na wewe vyako, utembee hapa kwenye kokoto, tuone kama havina kazi."

Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini Kuwabara hakuwa wa kushindwa kwa kokoto. Alimkabili Iwao uso kwa uso, akavuta pumzi, akainua mkono, akatoa hotuba ambayo kingo zote mbili za Kiso hazijawahi kusikia mfano wake.

"Ee Iwao, mwana wa mabonde, simama! Hujui ulichokibeba! Umebeba bawa la mita kumi na moja, umebeba mizinga minne ya milimita ishirini, umebeba mwendo wa kilomita mia sita na ishirini kwa saa katika urefu wa mita elfu sita! Taifa zima limekutegemea wewe na kwato zako nne! Je, utaitwa wewe ndiye uliyelala?"

Iwao alicheua.

"Bwana," alisema Mama Tsune, "yale maturubai tulifunika ya nini, kama ulikuwa unakuja kumwambia ng'ombe siri yote?"

"Ng'ombe hawezi kusema."

"Mimi naweza."

Kuwabara akawa mweupe kama kokoto. Mama Tsune akacheka mpaka akashika nira. "Usiogope, baba. Nimwambie nani? Kwanza hiyo mita elfu sita sijaielewa. Wewe sema tu: unajua kusuka?"

"Sijui."

"Basi leo utajua. Mimi kidole hiki hata vijiti vya kulia chakula hakishiki."

Mama alivuka mtaro akaomba mabua kwa mwenye shamba aliyekuwa akivuna ng'ambo, akarudi na mafungu mawili mabegani. Kuwabara akayaponda kwa jiwe yalainike. Kisha shujaa wetu akaketi juu ya barabara, akazungusha kamba kwenye vidole vya miguu yake kama alivyoelekezwa, akaingia vitani.

Lo! Vita gani hivyo! Mabua yalimchoma, kamba ilimtoroka, kisigino cha kiatu kikatokea mahali pa kidole. Lakini maumbile ya mtu hayabadiliki kwa saa moja. Alipoona mabua yanarundikana, alianza kuyachomoa moja moja. Akaacha nafasi hapa, akaacha nafasi pale, akahesabu nguvu za mvuto kichwani, na mwisho akainua kiatu chembamba, chepesi, chenye matundu yaliyopangwa kwa ustadi. Alikitazama kwa mapenzi.

"Gramu tisini!" alisema.

"Kitakatika," alisema Mama Tsune.

"Nimekikokotoa, mama."

Wakamvisha Iwao. Iwao akainuka, mkokoteni ukalia, ushindi ukaonekana mbele kama uwanja wenyewe. Hatua moja, hatua mbili, ya tatu kiatu kikapasuka, vipande vikabaki juu ya kokoto. Iwao akalala tena, safari hii kwa mkao mzuri zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Kuwabara akaona jua limefika saa sita.

Basi akaanza upya, na hapa ndipo ushujaa wenyewe ulipo, kwa maana Mama Tsune alichuchumaa nyuma yake akawa anasema neno moja.

"Ongeza."

Akaongeza bua moja.

"Ongeza."

"Imetosha, mama."

"Ongeza, baba! Unamvisha ng'ombe au unamvisha kipepeo?"

Mikono yake ilikataa. Miezi kumi na minne mikono ile haikuongeza kitu popote. Jasho likamtoka. Lakini akaongeza: fungu moja, la pili, la tatu, akikaza kila safu kwa ngumi, vidole vikivuja damu, na kila fungu likimuuma kuliko kidonda.

Mama Tsune akatazama turubai. "Huyo atakayeirusha hii. Risasi ikimjia kwa nyuma, umemwekea nini mgongoni?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Bamba la chuma ni kilo nyingi sana, mama. Tungekosa mwendo."

Mama Tsune alimkuna Iwao nyuma ya sikio kwa mkono mzima. "Mwanangu wa kwanza yuko Jeshi la Majini," alisema. "Anajifunza kurusha. Alipokuwa mdogo nilimfungia kitambaa cha pamba tumboni hata wakati wa joto, asije akaumwa. Alikuwa anakichukia kweli." Akasogea. "Ongeza hapo kwenye kisigino."

Kuwabara akaongeza, na hakusema imetosha. Aliona haya, na haya ile haikuwa ya viatu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkata Gramu, mhitimu wa chuo kikuu, mwenye suti, alipiga magoti kwenye kokoto na kinyesi, akaupakata ukwato wa Iwao, akautia ndani ya kiatu kinene, kizito, kibaya kuliko vyote vilivyopata kusukwa mkoani, akapitisha kamba katikati ya kwato, akafunga fundo, akafunga na la pili. Iwao alimpumulia shingoni. Kisha, bila hotuba, akainuka. Kokoto zikalia chini yake na kiatu hakikutikisika. Mbao za daraja zikanguruma, mto ukapita chini, mwenye shamba akavua kofia, na ndege ya kilomita mia sita na ishirini ikavuka Kiso kwa miguu.

Walipoingia Kagamigahara ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Kamanda Shinozuka alikuwa amekwisha kutoa saa yake mfukoni. Mhandisi Mkuu Hatano alikuja mbio, akaigusa ndege, akamgusa Kuwabara, mwenye mabua nywelani, akasema kwa furaha, "Umefika! Haya, mwambie Kamanda, njiani umepunguza nini tena?"

"Njiani nimeongeza, Bwana Mkuu." Kuwabara aliinama mbele ya Kamanda na hakuinuka. "Naomba bamba la chuma nyuma ya kiti cha rubani. Kilo ishirini."

Hatano alifumba macho. Wahandisi sita walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja.

"Ishirini!" alisema Kamanda. "Unataka iruke au itie nanga?"

"Kumi na tano."

"Tano."

"Kamanda, ya kilo tano ni sinia ya chai. Kumi na mbili."

"Nane. Na leo usifungue mdomo tena."

Kuwabara aliinama hata paji la uso likakaribia magoti.

Andikeni basi, enyi mnaoandika tarehe za mataifa! Andikeni kwamba siku ile, bila tarumbeta wala bendera, aliyekata gramu elfu mia moja na zaidi aliongeza elfu nane kwa hiari yake. Kwamba miji iliyotekwa imerudi kwa wenyewe na wafalme wamesahauliwa, na kiatu kile kilifika kizima! Mabaharia wasome, marubani wasome, na kila maksai asomewe. Mama Tsune hakungoja kuandikwa. Alimvuta Kuwabara mkono kando ya mkokoteni.

"Kilo nane zinafunika wapi?"

Kuwabara akageuka, akajishika mgongoni kwa mikono iliyochubuka, akamwonyesha: kutoka kwenye mkanda, kupanda juu, mpaka chini ya mabega.

"Na kichwa?"

"Kichwa bado, mama."

"Basi kesho anza na kichwa," alisema, akaenda kumtafutia Iwao maji.