Weupe Usiungue

Alhamisi, 7 Juni 2007. Endagikot

Leo nimepata mpango. Mzuri kuliko ile mingine yote! Fundi Kornelia amemaliza gauni la Komunyo ya Kwanza la Jenifa, mtoto wa dada yake. Jeupe, na maua ameyadarizi kwa uzi mweupe. Maua meupe juu ya kitambaa cheupe! Wakati wa Pasaka alishona jingine kama hilo, Maximilian mwenye studio akalipiga picha kwa ile flashi yake kama radi. Maua yote yakafutika. Gauni likatoka kama shuka. Kornelia aliitazama picha, akashukuru, akaigeuza kifudifudi mezani. Iliniuma. Nampenda yule mwanamke, na hapa naweza kuandika kwa sababu Mama hawezi kusoma mwandiko wangu.

Mpango: kamera yangu ya dijitali ina alama ya kutoa, ya kupunguza mwanga. Mtaalamu mmoja aliniambia Arusha kwamba weupe ukiungua kwenye picha haurudi tena, lakini giza hutolewa baadaye kwa kompyuta. Basi nipige giza, niokoe weupe. Maximilian hajui hilo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ijumaa, 8 Juni

Majaribio. Nimempiga picha kuku mweupe wa Mama, kwenye jua. Kila unyoya unaonekana! Mama akauliza yeye mwenyewe yuko wapi, maana ndiye aliyemshika kuku. Nikamwambia yumo, giza litatolewa. Akasema afadhali litolewe kabla hajafa.

Jumamosi, 9 Juni

Maximilian kapita, kauliza kama hii ni kamera au redio. Amepewa watoto wote wa parokia. Mimi Jenifa peke yake. Sikumjibu. Nilimjibu, ila alikuwa ameshafika mbali.

Jioni Kornelia akaniuliza kama kweli maua yake yataonekana. Nikasema yote, hata lile la pindoni alilolifumua mara mbili. Akauliza nimejuaje. Nikasema huwa napitapita njia hiyo. Nyumba yetu iko upande mwingine kabisa, na anajua.

Jumapili, 10 Juni

Asubuhi ukungu, baada ya Misa jua kali. Nimepunguza mwanga hadi kitufe kikagoma. Kama kidogo ni dawa, kingi si ndiyo kupona? Jenifa alicheka na pengo lake. Kornelia alisimama naye, mkono begani, kwa sababu nilimwomba. Nimepiga!

Jumatano, 13 Juni

Kadi ya kamera niliituma Babati kwa basi. Leo kijana wa kusafisha picha kapiga simu, anauliza kama hiyo ilikuwa misa ya usiku. Nikamwambia atoe giza kwa kompyuta. Akasema kompyuta yake inaweka fremu za makopa na maporomoko ya maji, giza hajawahi kutoa. Basi asafishe hivyo hivyo, nikasema, ila weupe asiuguse!

Ijumaa, 15 Juni

Picha zimefika. Gauni, jamani! Kila ua, kila jani. Juu ya gauni, giza na meno machache. Fransiska, mama yake Jenifa, akauliza kama gauni lilienda Komunyo peke yake. Akanunua ya Maximilian: uso wa mtoto unang'aa, gauni shuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kornelia alitoka na picha yangu hadi mlangoni penye mwanga, akayafuata maua kwa kidole, moja moja. Akasema miaka yote anashona, watu wanavaa wanaondoka, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi yake mwenyewe. Machozi yakamlengalenga. Yangu pia. Kisha akauliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha vivuli vya vidole begani kwa Jenifa. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema baba yake mdogo, mzee Qamara, huwa yupo nyumbani Jumapili mchana. Hakuniangalia. Nikaaga vizuri. Maana yake niliielewa nilipokaribia kwetu, nikapiga kelele mbuzi wa watu wakakimbia.

Jumapili, 17 Juni

Tumekwenda: mimi, Mama, na mzee Patriki kama mshenga. Nimetoa shikamoo hadi kwa watu wa rika langu. Wamekubali! Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Kornelia kaniomba jambo moja tu. Siku ya harusi nisishike kamera, nikae naye, Maximilian apige. Nataka watoto wetu wauone uso wangu, akasema. Ana haki. Nimeahidi kwa moyo mweupe. Kuteleza si kuanguka, na mimi nimejifunza.

Ila njiani nimefikiri. Shela atalidarizi mwenyewe, miezi mizima. Maua meupe! Halafu ije ile radi! Kesho namkaribisha Maximilian chai. Akiwa anakoroga sukari, nitaangalia kwenye kamera yake alama ya kutoa iko upande gani.