Kidole cha Mshenga

Jumatatu, 13 Aprili
Nimeamka na kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba kama nyanya. Shuka ikikigusa, naona nyota. Muuguzi Patience, wa zahanati yetu hapa Onduparaka, akasema ni jongo, tena akataja chanzo mbele ya wagonjwa wote: maini, figo, dagaa wetu wa mukene, bia. Akanipa dawa na karatasi ya makatazo. Ninywe maji mengi.

Balaa ni Jumamosi. Mimi ndiye mshenga wa mpwa wangu Andrew, tunakwenda kumposea Keji kwa wazazi wake, kijiji cha Kuluba. Mshenga wa ukoo wetu huingia uani kwa miguu yake, viatu vimefungwa kamba. Nikishindwa, atasimama binamu yangu Afedra, mtu asiyejua hata kusalimia wazee. Andrew atakosa mke hivi hivi.

Jumanne, 14 Aprili
Mke wangu Candiru ameibandika karatasi ukutani, juu ya meza ya kulia. Enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde mchana. Enyasa na majani ya kunde jioni. Maji mpaka tumbo linacheza. Uvimbe umepungua. Nidhamu yangu inanishangaza mwenyewe.

Jumatano, 15 Aprili
Mvua imenyesha, kumbikumbi wametoka. Nimeisoma karatasi mara tatu. Kumbikumbi hawakutajwa popote. Kisheria, niko huru. Nilikaanga sahani mbili Candiru akiwa sokoni.

Alhamisi, 16 Aprili
Kidole kimerudi na hasira. Candiru aliona mabawa kwenye shati langu. Akachukua kalamu, akaongeza kumbikumbi kwenye karatasi, na chini yake: kitu chochote Drani anachokifikiria. Drani ndiye mimi. Huo ni uonevu. Nimekula kunde, nimekunywa dawa.

Ijumaa, 17 Aprili
Afedra amekuja kunipa pole. Ameleta figo za mbuzi za kuchoma na bia nne. Mtu ambaye hajawahi kuniletea hata chumvi! Akauliza kidole iko namna gani. Nikamwambia iko sawa kabisa. Kisha nikamkumbusha mila yetu: mleta pole huonja kwanza. Hatuna mila hiyo, niliitunga pale pale. Alionja mpaka sahani ikang'aa, na chupa zote nne akazionja pia. Alipoondoka niliinusa sahani. Kunusa hakumo kwenye karatasi.

Jumamosi, 18 Aprili
Ushindi! Nilivaa viatu vya Andrew, vikubwa kwangu kwa namba mbili, nikaingia uani polepole kwa sababu ya maumivu, Afedra nyuma yangu akingoja nianguke. Wazee wa Kuluba wakanong'onezana kwamba huyu ni mtu mwenye heshima, ona anavyotembea. Nilimsifu Keji mpaka baba yake, mzee Romano, akafuta machozi na kusahau ng'ombe wawili wa mahari. Posa ikakubaliwa.

Halafu yakaletwa maini. Kwao mshenga hupewa maini ya mbuzi, na kuyakataa ni kumkataa binti. Andrew alinitazama, jasho linamtoka. Nikasimama, nikasema kwetu mshenga ni watu wawili: mimi wa kusema, na ndugu yangu Afedra wa kula. Wakapiga makofi. Afedra alikula yote, akinitazama kwa huruma.

Jumapili, 19 Aprili
Afedra hakuonekana kanisani. Kidole chake cha mguu kimevimba, hawezi kukanyaga. Nikabandua karatasi ukutani nikampelekea mwenyewe, kwa upendo wote. Patience alikuwa pale, akasema niendelee na dawa na kunde. Msichana mwema, ila hajui ukoo wetu. Nimemweleza Candiru taratibu kwamba jongo lilikuwa moja tu, na sasa limehamia kwa Afedra. Candiru akaenda kwa dada yake.

Nimejinunulia maini, sahani iliyojaa, na bia moja ya kumpongeza Andrew. Matamu mno. Kidole kinachomachoma kidogo. Ni vile viatu vya Andrew, vilinibana.