Rafiki wa Marehemu Usi

Msabah aliingia katika uchochoro ule wa Jang'ombe kwa sababu moja tu: kwenye njia kubwa alikuwa amesimama mtu ambaye yeye Msabah alimuuzia betri. Alikuwa amemhakikishia kuwa betri ile imetoka baharini juzi tu, kwa meli. Na hakusema uongo mtupu. Betri haikupanda meli yoyote, lakini maji yaliyokuwamo ndani yake yalikuwa ya bahari kweli.

Alitembea upesi bila ya kukimbia, kwani mtu anayekimbia hutakiwa ajieleze. Hapo ndipo alipoiona. Ubavuni mwa nyumba ya mwisho, chini ya kibanda cha makuti, pua ya gari ilikuwa imechungulia kama mgonjwa dirishani. Ilikuwa Morris ya kijivu, matairi yamekaa chini, majani makavu ya mshelisheli yamejaa juu ya paa, na kwenye kiti cha dereva kuku ameatamia. Mpita njia mwengine angeona banda la kuku. Msabah aliona injini.

Miaka ile, mapinduzi yetu yalikuwa bado hayajafikia umri wa kuanza skuli, na vipuri vya magari vilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Meli zilileta unga na sukari kwanza, na anayeamini kuwa tumbo la mtoto hutangulia mbele ya plagi hawezi kulalamika. Lakini magari ya mjini yaliishi kwa kulana. Lililokufa lilimlisha mgonjwa, na mgonjwa akimpata fundi mbaya alimlisha fundi. Chini ya kitanda cha Msabah, huko Kikwajuni, kulikuwa na sanduku la mbao. Kila alipoitwa kutazama gari la mtu, gari lilipona kidogo, na sanduku likanenepa kidogo.

Akamuuliza muuza kahawa wa pembeni nyumba ile ni ya nani. Akaambiwa ni ya marehemu Usi, mshona kofia, aliyezikwa wiki iliyopita. Ndani yumo mjane wake, Bi Mwatima, amekaa eda.

Msabah akasema inna lillahi, akafumba macho, akainamisha kichwa. Moyoni mwake mtu alikuwa akipiga ngoma. Mwenye eda hatoki nje. Hasemi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Adabu hii imewekwa kumhifadhi mjane katika huzuni yake, na Msabah alikuwa mtu wa kuheshimu adabu. Hakutaka kuivunja hata kidogo, alitaka kuitumia. Tangu azaliwe hajapata kumsikia mwenye mali asiyeweza kutoka kuikagua mali yake.

Akapiga hodi. Aliyekuja mlangoni alikuwa mwanamke kijana, mjamzito, amejitanda kanga, na nyuma yake pazia la ukumbini limeshushwa. Alijitambulisha kuwa ni Mize, mtu wa nyumba ile, na kwamba maneno yoyote ya Bi Mwatima hupitia kwake.

"Mwambie ni Msabah," alisema kwa sauti ya kufika hadi nyuma ya pazia. "Mie na marehemu tulikuwa chanda na pete."

"Mbona mazikoni hatukukuona?"

"Nilikuwa Pemba. Habari ilinikuta gatini, nikakaa chini palepale, watu wakadhani nimepigwa na jua."

Kisha akaeleza. Alieleza jinsi marehemu alivyompakia katika Morris ile wakaenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, marehemu mwenyewe akiendesha, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili ukimmenyea rafiki yake chungwa. Alieleza wepesi wa mkono wa marehemu kwenye gia. Mwishowe alieleza wasia: kwamba siku moja njiani marehemu alimgeukia akamwambia, Msabah, nikitangulia mie, gari hili usiliache life.

Mize alimtazama kwa muda, kisha akapotelea nyuma ya pazia. Halafu kitu kikaanguka, na kwikwi za mwanamke zikasikika, za kukatika katika, kama anayejizuia na hawezi. Msabah akainamisha kichwa tena. Mize aliporudi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga na macho yamemlowa.

"Bi Mwatima anasema, habari hizo hajapata kuzisikia," alisema kwa shida. "Zimemgusa sana. Anasema gari litengeneze, chakula utapata hapa. Ila halitoki uani mpaka siku atakayotoka yeye mwenyewe."

Msabah alikubali haraka. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: injini ataifungua, ataitoa vipande vipande ndani ya kapu, atampelekea Muhiddin, mwenye teksi wa Darajani, aliyekuwa akitafuta injini ya Morris kama mtu anavyomtafuta ng'ombe aliyepotea. Kibandani ataacha chuma chakavu.

Kesho yake alimwondoa kuku, akafungua boneti, akasikitika. Panya walikuwa wamekula waya zote. Kabureta haikuwapo, dinamo haikuwapo, betri haikuwapo. Mwizi fulani, asiye na subira ya kukaa na kusimulia habari za marehemu, alishapita kabla yake. Kilichobaki ni injini yenyewe, nzima, nzito kama kaburi, na hakuna kapu duniani la kuibeba. Ilimdhihirikia kuwa ili aliibe gari lile itabidi kwanza alitengeneze, kisha litoke kwa magurudumu yake lenyewe, siku eda itakapokwisha, kwa kisingizio cha kulijaribu.

Basi akaanza kuleta vitu kutoka kwenye sanduku lake. Alileta kabureta ya tajiri mmoja wa samaki. Alileta plagi za mwalimu wa kwaya, aliyeahidiwa kuwa zinakwenda kusafishwa. Alileta dinamo ya Muhiddin mwenyewe, aliyoipaka rangi ya kijani ili asiibiwe. Ikaibiwa, na Msabah alikuwa wa mwanzo kwenda kumpa pole.

Mize alikuwa akikaa kizingitini na kumtazama. Siku moja, Msabah akiwa chini ya gari, alimuuliza kwa nini nyumba ya msiba imeshughulika hivyo na gari.

"Mimba yangu ya mwanzo," alisema Mize, "uchungu ulinishika mume wangu yuko Pemba kwenye karafuu, kama alivyo sasa. Mtaa mzima hapakuwa na gari linalokwenda. Walinitia kwenye gari la ng'ombe kunipeleka hospitali Mnazi Mmoja. Tulipofika, mtoto alishakufa." Akalisawazisha tumbo lake chini ya kanga. "Hii ya pili Bi Mwatima ameapa sitapanda ng'ombe."

Msabah alisema pole. Tumtendee haki: pole ile ilitoka moyoni, ikakaa kifuani mwake kwa muda wote wa kusafisha plagi moja. Kisha akamkumbuka Muhiddin.

Lakini sinia zilianza kumchanganya. Mwanzo alikuwa akipewa muhogo na chai. Kabureta ilipokaa mahali pake, ulikuja wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Siku injini ilipokohoa kwa mara ya mwanzo, likaja biriani, na juu ya kifuniko cha sinia pametupiwa asumini. Asumini, katika nyumba ya eda. Na kila siku mlangoni alikuwa akiviona viatu vidogo vyekundu, vya mguu mwembamba, na kwenye kamba kanga mpya zenye pindo la kuvutia. Msabah akaanza kujiuliza mjane huyo ana umri gani. Kuuliza hakuweza. Mtu haulizi habari za umbo la mwanamke aliye katika eda. Hata mtu asiye na haya kama Msabah angeona haya.

Wala kumposa waziwazi hakuruhusiwi. Hudokezwa tu. Akadokeza.

"Mwambie Bi Mwatima," alimwambia Mize, akijifuta grisi mikononi, "nyumba isiyo na mwanamume, hata makuti yake huvuja."

Mize akaenda. Kwikwi zikasikika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Akarudi na kanga mdomoni.

"Amesemaje?"

"Hakusema kitu."

Na kila mtu wa Unguja anajua kuwa mwanamke akiulizwa akanyamaza, kadhi huandika. Msabah naye aliandika, moyoni, kwa herufi kubwa. Kwa nini auze injini, wakati anaweza kuwa na injini, nyumba, na biriani? Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayejijengea. Alipiga rangi. Alibadilisha breki, zikawa za kushika kweli. Alitia betri nzuri, yenye tindikali halisi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binadamu yeyote. Sanduku la Kikwajuni likabaki na misumari tu na harufu ya mafuta.

Siku ya kutoka eda alikuja amevaa kanzu ya kuazima na kofia ya viua, kikapu cha halwa mkononi. Ua ulikuwa umejaa wanawake wa mtaani. Kwenye kizingiti, ameshikwa mkono na Mize, alisimama kikongwe mmoja, mgongo umepinda, asumini kwenye nywele nyeupe.

"Shikamoo bibi," alisema Msabah. "Nnamtaka Bi Mwatima."

"Marahaba mwanangu. Umeshampata."

Msabah alichungulia nyuma yake kumtafuta mwengine. Hakukuwa na mwengine. Viatu vyekundu vilikuwa miguuni mwa Mize.

"Na halwa hii umeniletea mie?" aliuliza kikongwe. "Basi afadhali ni halwa, haitaki meno."

Wanawake walishindwa kujizuia. Bi Mwatima alingoja wanyamaze, kisha akasema bila ya hasira.

"Nimekaa na Usi tangu nna meno yote. Gari hakupata kulipanda hata siku moja, akiliogopa kuliko jini. Makunduchi akenda kwa punda, na punda mwenyewe akimwambia pole pole. Na gari hili silo lake, ni langu. Wameniachia watu wa Shangani walipoondoka, maana mie ni mkunga, watoto wao wote nimewapokea kwa mikono hii. Uliponambia kuwa Usi akiendesha huku akimenya chungwa, nilianguka kitandani kwa kicheko. Ilikuwa mara yangu ya mwanzo kucheka tangu afe. Kwa hilo, mwanangu, nakushukuru."

Msabah alijikusanya. Alisema, kwa heshima zote, kwamba kabureta, plagi, dinamo na betri ni vyombo vyake, na anaomba avitoe.

"Vitoe," alisema Bi Mwatima. "Mize atawaita watu, tufungue boneti hadharani, kila mtu atazame. Muhiddin hunywa kahawa hapo pembeni. Dinamo ya kijani ameililia kwa muuza kahawa mpaka kahawa ikapoa."

Mkono wa Msabah, uliokuwa umeshakwenda kwenye boneti, ulirudi wenyewe.

Na hapo Mize akashika ukuta. Hakupiga kelele, alisema tu, "Bibi," na kicheko chote cha uani kikazimika kama taa. Bi Mwatima alimtazama usoni, akamshika tumbo, akageuka.

"Washa gari."

Morris iliwaka mara moja. Msabah hajapata kuendesha vile maisha yake yote. Alikwepa mashimo kama anayebeba mayai, na kila Mize alipougulia nyuma, yeye aliuma midomo. Walifika Mnazi Mmoja, wauguzi wakatoka, Mize akaingizwa. Bi Mwatima alimfuata bila ya kugeuka. Hakuomba ufunguo.

Msabah akabaki peke yake. Alikuwa na gari zima, injini inanguruma kwa raha, na barabara wazi. Kila alichokitaka tangu siku ya kuku kilikuwa mikononi mwake. Akaenda moja kwa moja Darajani.

Muhiddin alilizunguka gari, akalipapasa, macho yakamng'ara. "Maashaallah. Sauti nzuri. Hebu fungua boneti."

"Unanunua gari, au boneti?"

"Nanunua kilichomo."

Msabah alikumbuka kilichomo. Alimkumbuka tajiri wa samaki, na mwalimu wa kwaya, akaupitia mji mzima kichwani, gereji baada ya gereji, baraza baada ya baraza. Hapakuwa na mahali ambapo boneti lile lingefunguliwa na asitokee mtu akasema, hiki changu. Kwa mikono yake, kwa ustadi wake wote, alikuwa ametengeneza gari asiloweza kuliuza popote. Katika Unguja nzima palikuwa na ua mmoja tu ambapo lingeweza kukaa kwa amani.

"Boneti limekwama," alisema, akageuza gari.

Ninapenda kuamini kuwa njiani alilifikiria na lile gari la ng'ombe. Ushahidi sina. Ninalojua ni kuwa hakurudi Kikwajuni. Kabla ya adhana ya alasiri alikuwa mlangoni mwa hospitali, kanzu ya watu imeingia grisi, anangoja.

Bi Mwatima alitoka akijikongoja, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kama mtu aliyezaliwa ndani ya gari.

"Wa kike," alisema. "Mzima, na mama yake mzima. Analia kama honi. Nipeleke nyumbani nikawachukulie nguo, kisha unirejeshe. Na kesho kutwa yupo mwengine Mpendae, siku zake zimekaribia."

Msabah aliyatazama maisha yake yajayo kwenye kioo kidogo cha mbele, yamekaa kiti cha nyuma na asumini kichwani. Akatia gia. Kwa mazoea, na kwa kuwa alijua biriani hupikwa nyumba gani, akaongeza mwendo kidogo.

"Taratibu," alisema Bi Mwatima. "Usi angekuona ungemtisha."

"Bi Mwatima, Usi hakupanda gari maisha yake yote."

"Naam," alisema kikongwe, akiegemeza kichwa kitini. "Sasa ndio umeanza kumjua rafiki yako."